Mji wa Upepo: Santuri Iliyojibu Swali la Lugha Nchini Japani

Mwezi wa Mei 1971, jarida la muziki la Tokyo liitwalo New Music Magazine lilichapisha mazungumzo ya wanamuziki na wahakiki walioketi pamoja kuitazama hali ya muziki wa roki nchini Japani. Swali lililowagawa lilikuwa moja: Je, lugha ya Kijapani yafaa kuimbiwa roki, au mwimbaji wa roki hana budi kuimba kwa Kiingereza? Mabishano hayo yalikwisha kuanza mwaka uliotangulia katika kurasa za jarida hilo hilo, nayo yameingia katika historia ya nchi ile kwa jina la mabishano ya roki ya Kijapani. Miezi sita baadaye, tarehe 20 Novemba 1971, kundi la vijana wanne lilitoa santuri ndefu iliyoitwa Kazemachi Roman, maana yake, kwa kukadiria, Hadithi ya Mji wa Upepo. Santuri hiyo ndiyo tuliyokusudia kuisimulia katika makala haya.

Msomaji aweza kuuliza walimu wa Kiswahili wanatafuta nini katika magitaa ya Tokyo. Jibu letu ni kwamba swali lile tunalifahamu. Sisi tunaofundisha katika nchi ambazo Kiswahili hakina budi kujitetea kila siku, tumekwisha kuulizwa mara nyingi kama lugha hii yaweza kubeba hesabu, sheria au falsafa. Na aghalabu anayeuliza huwa amekwisha kujijibu moyoni. Kwa hiyo yafaa tuone jinsi watu wa mbali walivyoulizwa swali la ukoo mmoja na hilo, na jinsi walivyolijibu.

Chanzo cha mabishano

Kundi la Beatles kutoka Uingereza lilipiga muziki katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 1966. Katika miaka iliyofuata vilizuka vikundi vingi vya vijana wa Kijapani wenye magitaa ya umeme, ambavyo kwa pamoja viliitwa Group Sounds. Vikundi hivyo viliimba Kijapani, lakini nyingi katika nyimbo zao zilitungwa na mafundi wa makampuni ya santuri, na kwa tabia zilikuwa ni zile zile nyimbo za mapenzi za redioni zilizovishwa nguo mpya. Ilipofika mwaka 1969 wimbi hilo lilikuwa limekwisha kupungua nguvu. Vijana walitaka muziki mzito zaidi, wenye mawazo yao wenyewe, na mifano yote waliyokuwa nayo ilitoka Marekani na Uingereza.

Haki yatudai tuseme kwamba hata wakati huo Kijapani hakikuwa kimenyamaza. Walikuwapo waimbaji wa magitaa makavu walioimba juu ya vita, siasa na maisha ya vibarua. Lilikuwapo pia kundi la Jacks, ambalo mwaka 1968 lilitoa santuri ya ajabu, yenye giza na majaribio mengi, kwa Kijapani kitupu. Lakini santuri ile haikuuzika sana, na wengi waliihesabu kuwa ni kioja tu, si njia ya kufuatwa na wengine.

Aliyesimama upande wa Kiingereza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Yuya Uchida, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1939, na mmoja wa waliotangulia jukwaani Budokan kabla ya Beatles. Hoja zake zilikuwa mbili. Kwanza, maneno ya Kijapani hayakai juu ya mapigo ya roki. Pili, roki ni muziki wa dunia nzima, na anayetaka kusikika duniani aimbe kwa lugha inayosikika duniani. Wala hakuishia kwenye maneno. Alilikusanya na kulisimamia kundi la Flower Travellin' Band, ambalo baada ya kukutana na wanamuziki wa Kanada kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 1970, lilifunga safari likaenda kuishi na kupiga muziki Kanada. Mwaka 1971 kundi hilo lilitoa santuri iitwayo Satori, neno la Kibudha lenye maana ya kuzinduka kwa nafsi. Santuri nzima imegawanyika katika sehemu tano. Gitaa la Hideki Ishima limepita katika ngazi za sauti za mashariki, na Joe Yamanaka ameimba maneno machache ya Kiingereza kwa sauti kali inayopanda kama king'ora. Ni kazi kubwa, na tungekosea kama tungeiita ya kuiga. Uchida hakuwa mtumwa wa wageni; alikuwa na hesabu yake ya soko na ya safari, na hesabu hiyo ilikuwa na sababu.

Ugumu wenyewe

Hoja ya kwanza ya Uchida ni ya kiisimu, kwa hiyo ni haki yetu kuipima. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, kama za kwetu, na karibu kila silabi yake huishia kwa irabu. Kila kipande cha neno huchukua muda ulio sawa na mwenzake. Hata konsonanti inayorudiwa, au n inayofunga silabi, huhesabiwa peke yake, kama sisi tunavyoihesabu m ya mtu au n ya nchi kuwa ni mizani kamili. Kiingereza kwa upande wake hukusanya konsonanti nyingi katika silabi moja, kisha huipiga silabi hiyo kwa mkazo. Neno rock lenyewe kwa Mwingereza ni pigo moja. Mjapani husema rokku, nalo huwa vipande vitatu: ro, k, ku. Hivyo katika nafasi ambayo Mwingereza ataweka neno zima lenye maana yake, Mjapani ataweka theluthi ya neno.

Ugumu wa pili ni wa kiimbo. Katika Kijapani cha Tokyo, ame ikianza juu ikashuka ni mvua. Ikianza chini ikapanda ni peremende. Hashi ya kushuka ni vijiti vya kulia chakula. Ya kupanda ni daraja. Sisi tunalo jambo linalofanana na hilo katika mkazo: barabara yenye mkazo penye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia, na yenye mkazo penye silabi ya tatu kutoka mwisho ni sawasawa. Mtunzi asiyejali atapandisha sauti mahali ambapo lugha inashuka, na msikilizaji atasikia peremende zikinyesha.

Basi Uchida hakusema uongo. Aliloliona lilikuwapo. Tofauti baina yake na wapinzani wake ni kwamba yeye aliuona ugumu huo kuwa ukuta, nao wakauona kuwa ni kazi.

Vijana wanne

Wapinzani hao walikuwa Haruomi Hosono, mpigaji wa gitaa la besi. Eiichi Ohtaki, mwimbaji na mpigaji gitaa. Shigeru Suzuki, mpigaji wa gitaa la kuongoza. Na Takashi Matsumoto, mpiga ngoma. Hosono, mkubwa wao, alizaliwa mwaka 1947, na Suzuki, mdogo wao, mwaka 1951. Ohtaki alitoka mkoa wa Iwate, kaskazini. Wenzake watatu walikuwa wana wa Tokyo. Hosono na Matsumoto walikwisha kupita katika kundi lililoimba zaidi kwa Kiingereza, wakatoa nalo santuri moja mwaka 1969, kisha wakaacha. Wote walipenda muziki wa Marekani, hasa wa kundi la Buffalo Springfield. Walichokipenda ndani yake ni kwamba wale Wamarekani waliimba habari za kwao wenyewe. Wakaona kwamba kumfuata mtu wa namna hiyo kwa kweli ni kuimba habari za kwako, wala si kuyarudia maneno yake.

Jina walilojichagulia mwaka 1970 ni somo tosha kwa darasa la lugha. Walijiita Happy End, yaani mwisho mwema. Sasa, Wajapani huandika kwa hati za aina tatu zilizochanganyika, na mojawapo, katakana, ndiyo hutumika kwa maneno ya kigeni. Vijana hawa waliliandika jina lao kwa hiragana, hati ya maneno ya nyumbani, ambayo mtoto hujifunza kwanza. Neno likawa la kigeni kwa sikio na la kienyeji kwa jicho. Tena katika hati hiyo lina vipande saba, na saba, pamoja na tano, ndizo hesabu ambazo ushairi wa Kijapani umezipenda kwa zaidi ya miaka elfu. Hatudai kwamba walikusudia hivyo. Twasema tu kwamba neno likishapokewa na lugha, hutii hesabu za lugha hiyo.

Santuri yao ya kwanza ilitoka Agosti 1970 kwa URC, kampuni ndogo iliyoanza mwaka 1969 kwa kuwauzia wanachama wake santuri kwa njia ya posta. New Music Magazine likaipa tuzo ya roki ya Japani. Tuzo hiyo ilimchoma Uchida, na mabishano ya mwaka 1971 yakawaka kwa sababu hiyo. Ndipo vijana wakaingia studio kutengeneza santuri ya pili.

Mji uliotoweka

Kazemachi Roman ina nyimbo 12, na maneno ya karibu zote ni ya Matsumoto, mpiga ngoma. Kaze ni upepo, machi ni mji au mtaa. Mji huo haumo katika ramani yoyote. Matsumoto alizaliwa mwaka 1949, akakulia katika sehemu za Tokyo ziitwazo Aoyama, Shibuya na Azabu, na pembetatu hiyo ya utoto wake ndiyo aliyoiita Kazemachi.

Aliipa jina wakati imekwisha kuvunjwa. Mwaka 1964 Tokyo ilipokea Michezo ya Olimpiki, na kwa ajili ya wageni hao mji uligeuzwa sura. Barabara zilipanuliwa na vichochoro vikafutwa. Mwaka 1963 barabara ya juu ya magari ilipitishwa juu ya daraja la kale la Nihonbashi, ambalo tangu zamani ndilo lililohesabiwa kuwa mwanzo wa njia zote za nchi. Tarehe 1 Oktoba 1964 treni ya kasi ya Shinkansen ilianza safari baina ya Tokyo na Osaka. Kisha zikafuata tramu, treni ndogo za barabarani zilizokuwa zikipita katikati ya mitaa: kati ya mwaka 1967 na 1972 njia zake karibu zote ziling'olewa. Ndiyo maana ndani ya jalada la santuri hii, ambalo mchoraji wa katuni Kazuhiko Miyaya alilipamba kwa nyuso za vijana wanne, tunakuta picha ya tramu. Wimbo unaojulikana kuliko yote, Kaze o Atsumete, yaani Kuukusanya Upepo, nao unamwonyesha mtu akitembea pembezoni mwa mji alfajiri yenye ukungu, naye anaiona tramu.

Hapa ndipo tunapoona kwamba hoja ya lugha ilikuwa na mzizi mwingine. Mambo aliyotaka Matsumoto kuyasema hayakuwa na maneno ya Kiingereza. Harufu ya mtaa uliobomolewa, michezo ya watoto wa mtaa huo, namna wazee wake walivyosalimiana, vyote vilihifadhiwa ndani ya Kijapani tu. Kuimba kwa lugha nyingine kungekuwa kuuhama mji ule mara ya pili.

Jinsi lugha ilivyofanyiwa kazi

Sasa tutazame ufundi wenyewe, kwa maana nia njema peke yake haitungi wimbo.

Kwanza, walizitumia tabaka za lugha ambazo hakuna aliyedhani ni za roki. Wimbo wa Natsu Nandesu, juu ya mchana mtulivu wa kiangazi, umechukua jina lake kutoka katika usemi wa adabu, ule ambao mtoto wa shule angeutumia katika insha. Roki ilitazamiwa kupiga kelele. Hapa inanong'ona kwa heshima. Hosono, ambaye alikuwa akihangaika na sauti yake, alijifunza kwa kumsikiliza Mmarekani James Taylor kwamba mtu aweza kuimba chini, karibu na sauti ya kuongea. Na katika sauti ya kuongea, kiimbo cha Kijapani hakiumii.

Pili, waliokota maneno ya watoto. Hana Ichi Monme, utungo wa kwanza wa Suzuki kwa kundi hili, umechukua jina la mchezo ambao watoto wa Kijapani hucheza kwa safu mbili zinazotazamana. Ashita Tenki ni Naare ni msemo wa watoto wa kuombea kesho kuwe na hali njema ya hewa.

Tatu, walikigeuza kile kilichoitwa udhaifu kikawa silaha. Kwa kuwa vipande vya Kijapani ni sawasawa na vingi, mwimbaji aweza kulikata neno mahali pasipotazamiwa, na maana ikageuka. Wimbo wa Haikara Hakuchi una jina la kejeli. Haikara ni neno lililotoka katika Kiingereza zama za Meiji, kwa kutaja kola ndefu za shati, likawa jina la mtu anayejipamba kwa uzungu. Hakuchi ni mpumbavu. Lakini ukikata kwingine, sauti zile zile zatoa hai kara haku chi, yaani damu itapikwayo kutoka mapafuni. Kejeli ya mpenda uzungu na picha ya ugonjwa zimelala katika mizani zile zile. Ohtaki, mwimbaji, alikuwa hodari wa mikato hiyo, hata msikilizaji hulazimika kungoja kipande kinachofuata ndipo ajue amesikia neno gani.

Na santuri inafungwa kwa wimbo mfupi mno uitwao Aiueo. Ni zile irabu tano kwa mpangilio wa darasa la kwanza, lakini zimeandikwa kwa alama zinazotaja upendo na njaa. Baada ya mabishano yote kama Kijapani chaweza, vijana wakamaliza kwa kuweka mezani mali ghafi yenyewe.

Yaliyofuata

Hatukusudii kuwafanya mashujaa wa ngano. Kundi halikudumu. Mwaka 1972 walikwenda Los Angeles kurekodi santuri ya tatu, iliyotoka Februari 1973, na wimbo wake wa mwisho unaiaga Amerika na kuiaga Japani kwa pamoja. Wakati santuri ilipotoka, kundi lilikuwa limekwisha kuvunjika. Hata hivyo kila mmoja alikuwa na kazi mbele yake. Matsumoto aliziacha ngoma akawa mmoja wa watunzi mashuhuri kabisa wa maneno ya nyimbo nchini mwake. Hosono aliunda Yellow Magic Orchestra mwaka 1978. Ohtaki alitoa A Long Vacation mwaka 1981, santuri iliyopendwa mno, naye akafariki Desemba 2013.

Swali la lugha nalo halikufungwa kwa kura. Lilichakaa. Kundi la Carol lililotokea mwaka 1972 lilichanganya Kijapani na Kiingereza ndani ya wimbo mmoja. Southern All Stars, lililoanza kusikika mwaka 1978, liliimba Kijapani kwa kukitamka upesi na kukikunja kama Kiingereza, na watu wakacheka kisha wakaiga. Kufika hapo, kuuliza kama Kijapani chaweza kuimbiwa roki kulikuwa kama kuuliza kama samaki anaweza kuogelea.

Tena ulimwengu uliwachezea mchezo wote wawili. Kaze o Atsumete, wimbo wa Kijapani kitupu juu ya mtaa uliokufa, ulisikika duniani kote mwaka 2003 ulipotiwa katika sinema ya Sofia Coppola, Lost in Translation. Na mwaka 2007 toleo la Kijapani la jarida la Rolling Stone liliitaja Kazemachi Roman kuwa santuri bora kuliko zote za roki ya Japani. Mwaka huo huo wa 2007, Mwingereza Julian Cope alitoa kitabu juu ya roki ya Japani, na humo akaiweka Satori mbele ya nyingine zote. Basi Uchida, aliyefariki mwaka 2019, hakushindwa. Lakini alikosea jambo moja kubwa: alidhani mlango wa dunia ni mmoja.

Mafunzo kwa walimu

Tukiyapima hayo yote, tunaona mambo matatu. La kwanza ni kwamba anayetaja ugumu wa lugha si lazima awe adui wa lugha. Tusimjibu kwa hasira. Tumwombe aonyeshe ugumu uko wapi, katika silabi gani, katika istilahi gani. Uchida aliuonyesha, na kwa kuuonyesha aliwasaidia wapinzani wake kujua pa kuanzia.

La pili ni kwamba lugha haithibitishwi kwa maazimio ya mkutano. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963, alijibu kwa kitendo swali ambalo hotuba mia zisingelijibu. Vijana wa Tokyo walifanya vivyo hivyo kwa dakika chache za santuri.

La tatu ndilo gumu. Happy End hawakufaulu kwa kuwa walikipenda Kijapani tu. Walifaulu kwa kuwa walikuwa na kitu cha kusema ambacho kilihitaji Kijapani. Mwanafunzi wetu anayeandika insha ya Kiswahili juu ya theluji, kwa sababu kitabu kimetaja theluji, hatapata kamwe haja ya lugha hiyo. Mpeni aandike juu ya soko lililohamishwa, mti wa mkutano uliokatwa, au mchezo ambao wadogo zake hawaujui tena. Atatafuta maneno, mengine atayakosa, atamwuliza bibi yake. Hapo ndipo somo linapoanza.

Kwa wenzetu wapendao mazoezi, twapendekeza hili. Chukueni wimbo wowote wa kigeni ambao vijana wa darasa wanaupenda, wahesabu mizani za kila mstari, kisha watunge maneno yao ya Kiswahili juu ya sauti hiyo hiyo, wakichunga mkazo usipotoke. Mstari wa kwanza utawatesa. Wasiambiwe kwamba Kiswahili kimeshindwa. Waambiwe warudie kuhesabu.